Fundi Sikio na Petroli ya Ng'ambo ya Barabara

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Fundi Sikio anavua ovaroli kwa mara ya mwisho baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na minne. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa injini, cheo alichokikalia muda mrefu kiasi kwamba wengine tulidhani alizaliwa nacho. Mimi wa kaunta ya vipuri nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu dirisha langu linatazamana na meza yake, na pia, kusema kweli, kwa sababu wengine wote walijifanya wana shughuli. Shule niliiacha mapema. Lakini binti yangu, ambaye mnamjua wote, na kama humjui ni yule fundi wa injini mwenye kitambaa cha kijani kichwani ambaye wateja wanamtaja kwa jina wakifika getini, amenisaidia tahajia. Makosa yaliyobaki ni ya kwake.

Fundi alianza hapa akiosha vyuma kwa mafuta ya taa, mikono imebabuka, hajui kushika spana. Akapelekwa kwenye magurudumu, akapelekwa kwenye breki, mwisho akafika kwenye meza ya injini na hapo hakuondoka tena. Amefufua injini za malori, za mashine za kusaga, za pampu za maji, na moja ya jenereta iliyokuwa imeotewa na nyasi. Hakuwahi kugomba. Alikuwa na "hmm" tu. Ukisikia "hmm" moja, rudi ukakaze nati zako. Ukisikia mbili, fungua injini yote uanze upya, na usiulize kwa nini.

Jina la Sikio alilipata kwa haki. Kuna siku msafara wa harusi ulipita hapa mbele, honi juu, maua mpaka kwenye taa. Fundi akatoka mbio na bisibisi mkononi, akasimama katikati ya barabara. Bwana harusi akachungulia dirishani, uso umemvimba: "Mzee, unataka nini, pilau?" Fundi akamwambia, "Mkanda wa feni unakatika, baba." Wakamcheka, wakampita. Hawakufika kona. Bibi harusi alikaa kwenye kiti changu cha kaunta, na shela lake lote, mpaka mkanda ulipofungwa, na nikamuuzia mimi mwenyewe. Mara nyingine mteja alipiga simu kutoka mbali, Fundi akamwambia aweke simu juu ya injini. Akasikiliza kidogo. "Plagi ya pili kutoka kushoto." Ikawa hiyo hiyo.

Binti yangu alipoletwa kwake, alimpa kazi ya kusaga valvu, na valvu, na valvu tena. Nikaona ananichezea mtoto. Nikamfuata mezani: "Fundi, mwanangu ana akili sana, mpe kazi ya akili." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mama, akili ninaiona. Mikono ndiyo bado." Nilinuna. Leo mikono hiyo ikifunga injini, haivuji hata tone, na mimi ndiye ninayeringa nayo mjini kama vile niliifundisha mimi.

Sasa kuna jambo ambalo kwa desturi wasifu kama huu ungeliruka. Fundi aliposikia nimepewa kalamu alikuja kwenye kaunta akasema, "Ukiandika, andika na habari ya petroli. Ukiiacha, msinisomee kitu, na mimi siji." Basi naandika, ingawa mkono mzito.

Kwa wageni wasiojua injini, nieleze kwa lugha ya kaunta. Ndani ya injini pistoni hupanda ikaminya hewa na petroli, plagi ikatoa cheche, moto ukawaka, gari likaenda. Ukiminya zaidi unapata nguvu zaidi. Huo ndio mgandamizo. Lakini petroli ya kawaida ya kituoni haipendi kuminywa kupita kiasi. Joto likizidi, inajiwasha yenyewe upande mwingine kabla moto wa cheche haujafika, na hapo injini inagonga. Mlio wake ni kama changarawe ndani ya kopo la bati. Ukiuachia unakula pistoni. Wenye magari ya mashindano hununua petroli maalumu inayovumilia. Sisi ya kwetu ni ya kituo cha ng'ambo ya barabara, ile ile wanayotia wenye pikipiki.

Sifa kubwa ya Fundi Sikio ilikuwa kujenga injini ya mgandamizo mkubwa, kumi na moja kwa moja, yaani vikombe kumi na kimoja vya hewa vinaminywa viingie kimoja, halafu ikanywa petroli hiyo hiyo isilalamike. Alisugua chumba cha moto mpaka kikang'aa, asiache ncha ya kushika joto. Lakini siri yenyewe ilikuwa wakati wa cheche. Ikiwahi mno, injini inagonga. Ikichelewa mno, gari linakuwa zito kama limebeba matofali. Kuupata wakati huo alifunga bomba jembamba la shaba kwenye injini, akalichomekea mpira mrefu, mpira ukapita dirishani ukaingia sikioni mwake kama daktari anayepima kifua. Gari likapandishwa kilima cha nyuma ya karakana kwa gia kubwa. Akawahisha cheche kidogo kidogo mpaka asikie changarawe ya kwanza, kisha akairudisha nyuma unywele mmoja. Hapo hapo. Watu walitoka miji mingine kuja kununua huo unywele mmoja.

Injini yake ya mwisho ilikuwa ya daktari wa meno, mteja wetu wa siku nyingi, mwenye gari dogo la milango miwili analopandia milima kwenye mashindano ya mwisho wa wiki. Dokta alitaka mgandamizo mkubwa kwa petroli ya kawaida. Fundi aliijenga kwa mapenzi. Hata kopo la chai alilisahau juu ya meza likapoa.

Siku ya kuijaribu, binti yangu alishika usukani, Fundi akakaa pembeni na mpira sikioni, na mimi nikadandia kiti cha nyuma, naenda zangu kuchukua mzigo wa gasketi. Tulipofika katikati ya kilima, changarawe zikaanza. Mwanzoni nilidhani ni sarafu kwenye pochi yangu. Nikaishika pochi, mlio ukaendelea. Binti yangu alikaza macho barabarani, uso mkavu kama anapigwa picha ya kitambulisho. Fundi alikuwa anamtazama yeye, hatazami kilima.

"Safi," akasema Fundi. "Tuwahishe kidogo."

"Sawa, Fundi," akajibu binti yangu.

Tukapanda tena. Changarawe zikawa kokoto.

"Safi. Kidogo tena."

"Sawa, Fundi."

Tuliporudi, mafundi wote wa uwanjani walisikia gari likiingia. Niliwaona wakitazamana. Mmoja alifungua mdomo, akaufunga akaendelea kufuta mikono. Nani angemwambia Fundi Sikio kwamba injini inagonga? Ni kama kumwambia imamu au padri kwamba amekosea sala.

Dokta alirudi kutoka mashindanoni akivutwa kwa kamba. Injini ikafunguliwa mezani, karakana nzima tumezunguka. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu, ukingo umeliwa kama sabuni iliyotafunwa na panya. Fundi akaigeuzageuza mkononi. Tulingoja ile "hmm". Haikuja. Akaiweka chini, akajifuta, akasema, "Petroli hii imechanganywa."

Katika mtaa wetu neno la Fundi Sikio halina rufaa. Habari ilivuka barabara yenyewe. Aliyekuwa zamu kwenye pampu siku Dokta alipojaza tangi ni mtu tunayemwita Shemeji, kwa vile amemuoa dada wa mlinzi wetu. Ni mtu wa utani, anayemjua kila dereva na gari lake. Msimamizi wa kituo, mama mmoja asiye na mchezo, akamsimamisha kazi akidai ameiba petroli akauza, pengo akalijaza mafuta ya taa. Wenye pikipiki wakahamia kituo kingine. Mke wa Shemeji akaacha kumsemesha kaka yake, maana kaka anakula mshahara wa karakana iliyomchafulia mumewe jina.

Shemeji alikuja getini kwetu akiwa bado na fulana ya kituo. "Fundi! Mimi? Mimi unanijua, Fundi. Mwambie yule mama unanijua!" Fundi alikuwa ameinama kwenye meza yake, mgongo kwetu. Hakugeuka. Tulidhani amejifanya hasikii. Shemeji akasimama pale, mikono inaning'inia, mwisho akaondoka, na sisi sote tukaona kumbe kuna kazi za haraka sana za kufanya.

Nyumbani binti yangu alikuwa ananyoosha nguo. Akasimamisha pasi juu ya shati. "Mama, ile injini ilikuwa inagonga toka kilimani."

"Najua. Hata mimi nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Mimi? Muuza gasketi nimwambie Fundi Sikio?"

"Haya. Basi na mimi ndivyo hivyo hivyo."

Tulitazamana, mama na mwana, hakuna wa kumcheka mwenzake. Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyotuamsha. Alichomoa pasi, akasema anaenda kwa Fundi. Nikamwambia aende, na kwamba nimezaa mtu. Akasema, "Mama, si wakati wake."

Alimkuta kwenye karo la kunawia mikono. Yaliyosemwa nimeruhusiwa na wote wawili kuyaandika. Binti yangu alimwambia, "Fundi, ilikuwa inagonga. Niliisikia." Akarudia kwa sauti zaidi, maana bomba lilikuwa linatiririka. Fundi akafunga bomba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye Sikio, Fundi. Wewe ukisema safi, mimi nani?"

Fundi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akamwambia kwamba milio myembamba ilimtoka siku nyingi: kwanza ndege, halafu simu, halafu filimbi ya birika. Mkewe alidhani ameingiwa na kiburi, anaitwa haitiki. Ile redio aliyokuwa akiifungulia mpaka vioo vinatetemeka, tukidhani anapenda muziki, alikuwa anajipima. Kilimani hakuna alichosikia kwenye mpira isipokuwa mvumo. "Nilikuwa nausoma uso wako," akamwambia. "Ukikunja uso, najua imegonga. Hukuukunja. Nikajua tumepatia."

Binti yangu alikuwa ameukaza ule uso kwa heshima yake.

Na pale mezani? Binti yangu alimuuliza hilo pia, nilimlea asiogope. Fundi alisema alipoiona pistoni alijua palepale. Pistoni iliyoliwa namna ile imegonga muda mrefu, na kila mwenye masikio ameisikia. Aliinua macho akaona nyuso zetu. Jina lake lote lilikuwa limesimama pale mezani, na mdomo ukachagua petroli. Shemeji alipokuja getini, safari ile hakuhitaji uso wa mtu. Sauti nzito alikuwa bado anaisikia, na ile aliisikia yote.

Asubuhi yake alivuka barabara. Alikuwa amenyoa, amevaa ovaroli safi. Akasimama mbele ya pampu, madereva wako kwenye foleni, akamwambia msimamizi, "Mama, petroli yenu haina kosa. Injini niliiharibu mimi. Sisikii."

Na unajua alijibiwa nini? "Mzee wetu, roho yako ni nzuri. Lakini usimfunike mwizi." Madereva wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akasema, "Sikio hasikii! Hiyo kali." Wakacheka, kwa mapenzi kabisa. Aliusema ukweli hadharani, wao wakauona wema. Nilikuwa nimesimama kwenye geti letu nikatamani ardhi inifiche, na sijui hata nilikuwa namwonea aibu nani.

Alirudi akatuambia imebaki njia moja. Injini ijengwe upya. Dokta, ambaye kazi yake ni kuwaambia watu wafungue midomo, alifungua wa kwake: kwa nini wasiweke gasketi nene, mgandamizo upungue, mambo yaishe salama? Fundi akakataa. Ukipunguza mgandamizo na gari likaenda, watu watasema petroli bado mbaya, injini ndiyo imebembelezwa. Mgandamizo uwe ule ule, kumi na moja kwa moja. Pistoni ya vipimo vile vile. Petroli ya pampu ile ile. Kibadilike kitu kimoja tu, sikio. Ikigonga tena, Shemeji hana kazi, na yeye hana la kumwambia mtu yeyote tena maishani.

Siku ya jaribio Shemeji aliitwa ajaze tangi kwa mkono wake, msimamizi amesimama juu ya kichwa chake. Hakumsalimia Fundi. Yeye na msimamizi wakaingia kiti cha nyuma, magoti yamebana, maana gari lile halikujengewa watu wazima. Fundi akashika usukani. Mpira akampa binti yangu mbele yetu wote, akamwambia kwa sauti ya kufika uwanja mzima, "Mimi siwezi. Ukisikia, nipige begani. Usinionee haya."

Tulifuata kwa miguu mpaka chini ya kilima, karakana nzima, na foleni ya pikipiki nyuma yetu. Gari likapanda. Katikati tuliuona mkono wa binti yangu ukimshukia Fundi begani, paa! Gari likasimama. Mlango ukafunguka, msimamizi akachomoza kichwa kutoka nyuma: "Hata mimi nimeisikia! Kama mahindi ya kukaanga!" Fundi akashuka, akatuelekea. "Wamesikia wao. Mimi sijasikia kitu." Safari hii hakuna aliyecheka.

Akafungua boneti, akaichelewesha cheche. Wakarudi chini, wakapanda tena. Mkono ukamgusa karibu na kileleni, taratibu. Akashuka, akarudisha unywele mmoja. Mara ya tatu gari lilipanda likitupita, injini inaimba kwa pumzi moja, na mkono wa binti yangu ukabaki mapajani mpaka juu kabisa. Nilipiga kigelegele. Ndiyo, ni mwanangu, nifanyeje?

Msimamizi alishuka akazungukia upande wa pili, akamwambia Shemeji mbele ya watu kwamba kesho ana zamu. Fundi alimpa Shemeji mkono. Shemeji aliutazama kwanza. Akasema, "Watoto wangu wameitwa watoto wa mwizi shuleni, Mzee." Fundi akasema, "Rudia, nisikie vizuri." Shemeji akarudia, kwa sauti, mpaka mwisho. Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo wakashikana mikono. Siwezi kuandika kwamba wamekuwa marafiki. Wanasalimiana. Fundi alikwenda na shuleni kuzungumza na walimu, na kwa mke wa Shemeji alikwenda mara mbili, maana mara ya kwanza hakufunguliwa mlango.

Injini ya Dokta inapanda milima mpaka leo kwa petroli ya Shemeji. Kamati ya sherehe iliniuliza kama kwenye zawadi tuandike "Fundi Sikio" au ingekuwa kama kumchoma. Nikamuuliza mwenyewe. Akasema andikeni, atakuwa analiona, hata asipolisikia.

Katika yote aliyoyafanya hapa, mimi naona kubwa ni utaratibu alioutuachia wiki zile za mwisho. Kila gari likitoka kujaribiwa, waliokuwamo wanasema walichosikia, na anaanza mdogo kuliko wote. Mkubwa anasema mwisho. Mwanzoni vijana walikuwa wanatafuna maneno. Sasa hivi kuna mmoja amenirudishia boksi zima la plagi akaniambia, "Mama, umenipa sizo." Nilikasirika sana. Alikuwa sahihi. Na zamu ya kukaa meza ya Fundi amepewa binti yangu, jambo ambalo sitalizungumzia kwa sababu ukurasa umeisha.

Fundi, kwa niaba ya wenzako wote tunasema asante. Asante kwa injini, kwa "hmm" zako, na kwa kuvuka ile barabara wakati sisi wenye masikio mazima tulikuwa tumejificha nyuma ya kazi. Aibu ile uliibeba peke yako na nusu yake ilikuwa yetu. Tunakuombea ustaafu mrefu, afya, na nyumba iliyojaa watu wanaopaza sauti wakikusemesha. Ijumaa nitakayesoma haya ni mimi, na nitasoma kwa nguvu mpaka ng'ambo wasikie. Pakikupita neno, usitutazame nyuso. Sema "rudia". Tutarudia.